Njia ya Mahameni

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya paa la stesheni ya Tura, Koleta alijaza upepo magurudumu ya baiskeli ya baba yake. Alisukuma pampu mpaka mikono ikalegea, akabonyeza tairi kwa dole gumba, akasema, "Bado kidogo," akasukuma tena. Baba yake, Alois, alifanya kazi ya reli, na Jumamosi alikuwa na zamu. Kwa hiyo Koleta ndiye aliyempelekea Bibi Veneranda chumvi na karanga huko Kambini, maili nane kutoka nyumbani.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na miguu yake haikuweza kufika chini akikaa kitini. Basi alipitisha mguu mmoja katikati ya fremu, akaendesha huku ameinama upande kama ndege mwenye bawa bovu. Wanawake waliokuwa kisimani walimcheka.

"Mtazameni dereva wa Alois! Simama basi utusalimu, mayo, mama yetu!"

"Shikamooni! Nikisimama nitaanguka!"

"Marahaba! Nenda, nenda, usituangukie sisi!"

Baba yake hakuchoka kumpa maneno yaleyale. "Shika barabara kuu. Simama kwa Mzee Nassibu. Njia ya zamani usiiguse."

Mzee Nassibu alilinda kizuizi cha mbung'o katikati ya safari. Kando ya barabara palikuwa na banda lisilo na dirisha, ila tundu moja dogo ukutani. Kila mpita njia aliingia humo na baiskeli yake, na mlango ukafungwa. Mbung'o waliomng'ang'ania mtu njiani hawapendi giza. Waliruka kuelekea kwenye mwanga wa lile tundu, na mzee akawanasa kwa wavu na kuwatia ndani ya chupa. Mbung'o huambukiza malale, ugonjwa wa usingizi, na Kambini hawakutakiwa kufika kabisa.

Koleta alijua hayo yote. Lakini juma lile, Twalibu, mwenzake wa shuleni, alikuwa amemharibia moyo.

"Unakaa mle gizani peke yako? Wewe! Yule mzee ni mumiani. Ile chupa unadhani ina nini?"

"Ina mbung'o. Nimewaona."

"Umeona wa juu. Na ule weusi ulio chini? Damu iliyoganda ile! Tena mumiani wanapenda watu wa baiskeli, maana damu yao imekwisha kupashwa moto."

Watoto walicheka, na Koleta naye alicheka. Lakini usiku kicheko kiliisha, na maneno yakabaki.

Jumamosi hiyo alifunga mzigo wake kwa kaniki mpya ya mama yake, nguo ya buluu nzito inayokaribia weusi, akaufunga kwenye keria. Alipofika kwenye njia panda alishusha mguu. Kulia barabara kuu ilikwenda kwa Mzee Nassibu. Kushoto ilikuwa njia waliyopita wapagazi wa misafara zamani, wakiwa na pembe za ndovu mabegani, kabla hata reli haijaletwa. Ilikuwa nyembamba, imeliwa na majani. Ilipita mahameni, katika kijiji ambacho watu wake walihamishwa zamani, kisha ikatokea nyuma ya Kambini.

"Mara moja tu," Koleta alijiambia. Akakata kushoto.

Mwanzoni njia ilikuwa nzuri. Mchanga ulikuwa mgumu, gurudumu lilizunguka bila kelele, na kivuli cha miyombo kilimpoza uso. Halafu akatambua kwamba hasikii ndege. Hata njiwa, ambaye hanyamazi, alikuwa amenyamaza. Kilichosikika ni mnyororo wa baiskeli tu, kre, kre, kre, kama mtu anayetafuna polepole.

Miti ikafunguka, na mahame yakawa mbele yake. Kuta zilikuwa zimeyeyuka kwa mvua za miaka mingi, zikabaki vichuguu virefu vyekundu. Mafiga matatu yalikaa mahali pake kana kwamba chungu kimeepuliwa sasa hivi. Jiwe la kusagia lililala wazi, na shimo lake limejaa maji ya mvua yaliyotulia kama jicho. Na pale, peke yake, bila nyumba wala ukuta, ulisimama mlango. Mlango mzima, na fremu yake ya mninga, na komeo lake. Ulikuwa umefungwa.

Nani hufunga mlango usio na nyumba?

Ndipo akasikia sauti. Ilikuwa nyuma yake, karibu kabisa na sikio, kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo. Mmmmmm. Koleta alisimama ghafla. Sauti ikasimama. Akakanyaga pedali, sauti ikaanza. Akasimama tena, kimya. Alitamani kugeuka, shingo ikakataa. Kisha kitu kikamgusa kisogoni, kikali na chembamba, kama ncha ya ukucha.

Hakujua alitoka vipi pale. Alikumbuka tu majani yakimchapa miguu, na ile sauti ikimfuata, ikiimba mgongoni kwake mpaka miti ikaisha na moshi wa Kambini ukaonekana.

Bibi Veneranda alikuwa uani akipepeta mtama. "Mjukuu wangu! Mbona unahema hivyo? Simba?"

"Hapana, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umepita kwa Mzee Nassibu?"

Ungo ulitulia mikononi mwa bibi. Koleta alitazama chini. "Ndiyo, Bibi."

"Kifua chake hakijambo?"

"Hajambo."

"Haya. Weka mzigo ndani, lakini taratibu, Anton amelala."

Anton alikuwa mtoto wa shangazi yake, mwenye miezi minane. Mama yake alikuwa shambani. Mtoto alilala mkekani, vidole vyake vinene vimefumbata hewa. Koleta aliweka mzigo wa kaniki karibu naye, akatoka kusaidia kupepeta.

Hawakumaliza hata ungo mmoja. Kutoka ndani ya nyumba, Koleta aliisikia. Mmmmmm.

Kitu kile kimenifuata, aliwaza. Kimeingia ndani. Aliinuka kimya, akasogea hadi mlangoni, akachungulia.

Juu ya kaniki palikuwa na mdudu wa rangi ya kahawia, mkubwa kuliko nzi wa nyumbani, mbawa zake zimelaliana kama visu vya mkasi uliofungwa. Mbung'o. Mwingine alitoka katika mkunjo wa nguo. Wa tatu alikuwa ameshuka mkekani, anatembea hatua kwa hatua kuelekea kwenye mguu wa Anton.

Koleta angeweza kuwafukuza kimyakimya kwa mkono. Wangetoka kupitia dirishani, na hakuna mtu ambaye angejua amepita wapi. Lakini wangekuwa Kambini, miongoni mwa watoto wengine wote. Yule wa tatu aliinua kichwa. Mguu wa Anton ulicheza usingizini.

"Bibi!" Koleta alipiga kelele. "Nimepita mahameni! Nimewaleta mbung'o! Wako ndani na Anton!"

Bibi aliingia mbio, akamnyakua mtoto, akamvua nguo zote na kumtoa nje uchi kama alivyozaliwa. "Dirisha, Koleta! Ziba!"

"Ngoja, Bibi. Funga mlango kwa nje. Nitabaki mimi."

"Ubaki ufanye nini?"

"Kama Mzee Nassibu anavyofanya. Hawapendi giza."

Alishindilia dirisha kwa mkeka na kuacha upenyo wa mwanga usiozidi kiganja. Mlango ukafungwa. Giza lilikuwa lilelile la bandani, na ndani yake mbung'o walivuma huku na huko, wakampita shavuni. Koleta aliuma meno. Mmoja akatua kwenye upenyo wa mwanga. Akamfunika kwa kibuyu kitupu alichokipapasa kando ya ukuta, akasukuma kifuniko. Akaja wa pili. Wa tatu alikawia sana, mpaka Koleta akaanza kuomba sala zote alizofundishwa. Naye mwishowe akaja.

Alipotoka, bibi alikuwa amekwisha kumkagua Anton kuanzia kisogo hadi nyayo. Hakuwa na alama. Kisha akamgeuza Koleta, akashusha kola ya gauni lake. Nyuma ya shingo palikuwa na uvimbe mwekundu.

"Wewe wamekuonja," alisema polepole. "Twende."

Walikwenda kwa miguu mpaka kwenye kizuizi, Koleta akikokota baiskeli, bibi akibeba kibuyu. Mzee Nassibu alisikiliza yote, hata habari za mumiani. Alicheka mpaka akakohoa.

"Damu! Mwanangu, mshahara wangu hautoshi hata kununua sabuni, nitaweka damu chupani?" Akaileta ile chupa kwenye jua. Weusi ulio chini ulikuwa mbung'o wakavu, mamia kwa mamia. "Hawa wote walikuwa safarini kwenda kwa bibi yako. Nao kaniki wanaipenda kama sisi tunavyopenda asali." Aliandika barua ya kwenda zahanati ya Tura. "Wakupime damu ya kidole leo, na Jumamosi tatu zijazo. Homa ikija usingoje."

Walikaa kidogo kwenye ubao nje ya banda. Koleta alinong'ona, "Bibi, kule kuna mlango umesimama peke yake. Umefungwa."

"Niliufunga mimi," akasema Bibi Veneranda. "Ni mlango wa nyumba yangu. Kijiji chetu hakikufa kwa vita wala njaa. Watu walisinzia. Mtu anasinzia akipalilia, mwingine anasinzia na tonge mkononi. Mume wangu alificha homa yake miezi miwili, akasema ni uchovu, mpaka akalala asiamke. Tulipohamishwa nilifunga mlango, nikasema usingizi ule ubaki humo." Akamshika Koleta mkono. "Leo ulinidanganya, ukaufungua. Kisha ukasema kweli, ukaufunga. Uongo wako ulitosha kumwua Anton, mjukuu wangu. Ukikosea, sema palepale, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

Kidole cha Koleta kilichomwa Jumamosi nne, na mara zote nne mganga wa zahanati alisema damu ni safi.

Jumamosi ya tano alifika kwenye njia panda, mzigo wake umefungwa kwa shuka jeupe. Akasikiliza upande wa kushoto. Kimya. Akakata kulia mpaka kwenye banda, akaingia na baiskeli.

"Nifunge mlango?" aliuliza Mzee Nassibu.

"Funga, Babu," Koleta akasema kutoka gizani. "Funga vizuri."