Bibi wa Unga

Jua lilikuwa linazama nyuma ya kilima Cuilian alipotoka kwa jirani yake, Mama Duan, na bonge la chachu mkononi. Kesho yake ingetimia miaka mitatu tangu mama mkwe wake afariki. Wanawake wa kijiji wangekuja kuzikagua sanamu za unga za matambiko, na sanamu iliyopasuka ni aibu: husemwa marehemu ana kinyongo na aliyeikanda.

Kwa kufinyanga unga Cuilian hakuwa na mpinzani, naye alilijua hilo. Akafinyanga kondoo, akafinyanga simbamarara. Katikati akamweka bibi kizee aliyeinama, macho yake maharage meusi. Alitaka waseme yeye ni mkazamwana mwema. Mwema! Yeye aliyelitia kufuli pipa la unga, mama mkwe wake akalala na maji moto tu tumboni.

Alipokifunua chungu cha mvuke alimoweka sinia la sanamu, harufu ya ngano ikampiga usoni.

Bibi wa unga alikuwa amefungua mdomo.

"Chachu tu hiyo," akanong'ona. Akauziba ufa kwa unga mbichi, akafunika.

Kimya. Kisha... mnya... mnya... mnya.

Kinywa kisicho na meno kilikuwa kinatafuna.

Akafunua. Kondoo hakuwa na mgongo. Simbamarara alibaki kichwa tu. Wote wamemung'unywa, bila alama hata ya jino moja. Tumbo la bibi lilikuwa limevimba.

Aibu ikamchoma kuliko hofu. Watu wakiona, je? Akalinyakua sinia akawamwagie nguruwe.

"Usitupe."

Mama Duan alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la matunda ya kunazi ya kupambia sanamu. Alitazama sinia, wala hakushtuka.

"Mama... ni panya."

"Panya gani, mwanangu? Mama mkwe wako alikuwa akija kwangu jioni. Nikimpa uji, ananishika mkono: 'Usimwambie mtu. Utamfedhehesha mtoto wa watu.'"

Cuilian akaketi sakafuni, uso ndani ya aproni. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe yule kikongwe aliyemnyima chakula ndiye aliyemsitiri.

"Nani mwingine anajua?"

Mama Duan alilitwaa sinia. Alilirudisha chunguni, akafunika.

Kifuniko kikagonga. Taratibu. Kutoka ndani.

"Kanda kondoo mwingine," akasema Mama Duan kwa upole. "Bado hajashiba."