Dereva wa Mchana

"Kuna kitu?"

"Breki zinalia kidogo ukikanyaga ghafla. Tairi la kulia fundi ameliziba. Na lile suala la leseni."

"Nakuuliza gari."

"Gari ni hayo mawili."

Mume akachukua funguo mkononi mwa mkewe, akarudisha kiti nyuma kwa ajili ya miguu yake mirefu, kisha akaanza kufuta kioo. Jua lilikuwa linazama nyuma ya ukuta wa hospitali, na wagonjwa wa jioni walikuwa wameanza kutoka getini, wakitafuta usafiri.

Walikuwa na teksi moja na leseni moja ya biashara hiyo, yenye jina la mume. Yeye aliendesha usiku, mkewe mchana. Walionana hapo kwenye kituo cha teksi, nje ya hospitali, jioni na alfajiri, kwa muda wa kukabidhiana gari. Utaratibu wa madereva ulikuwa mmoja: anayetoka zamu hutaja kilichoharibika tu. Asipotaja kitu, gari ni zima.

"Kesho nakuja kwenye kikao cha halmashauri," mke alisema.

"Nani atafanya kazi?"

"Gari litapumzika. Hata lenyewe limechoka."

Halmashauri ilikuwa inataka kuweka ukomo wa leseni za teksi. Waliomo wabaki, walio nje wabaki huko huko. Madereva wengi waliunga mkono, maana magari yalikuwa yamezidi abiria. Mumewe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao, na ndiye angewasemea. Mke alitaka kupata leseni yake kabla mlango haujafungwa.

"Utatusemea na sisi wasaidizi tusio na leseni?"

"Nitaona namna."

"Namna gani?"

Mama mmoja aliyebeba mtoto alifungua mlango wa nyuma. Mwenyekiti akawasha gari.

"Tutaongea," alisema.

Dereva wa gari lililofuata kwenye foleni akacheka. "Shemeji, mwache mzee. Yule ameoa gari, wewe ni mke mdogo."

"Naendesha hapa kabla wewe hujajua kurudi nyuma," alimjibu, "na bado unaniita shemeji."

"Sasa nikuite nani?"

Akageuka kuelekea nyumbani. Miguu ilikuwa inamuuma.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mke alipata kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Mwenyekiti alisimama mbele akiwa na macho mekundu, kwa kuwa alikuwa ametoka zamu na hakulala. Hata hivyo alizungumza vizuri. Alieleza foleni za kituoni, bei ya mafuta, madereva wanaogombania abiria mmoja. Ndipo diwani aliyeongoza kikao akauliza:

"Na wale wasio na leseni? Tukifunga, si tunawanyima kazi?"

"Hapana, Mheshimiwa. Leseni moja inalisha watu wawili. Chukueni mfano wa gari langu. Lina dereva wa mchana. Hana ushuru, hana usumbufu wa ofisi yenu, anakuta gari lina mafuta anaondoka. Na hajawahi kulalamika."

Madereva wakapiga makofi. Yalipopungua, sauti ikatoka nyuma.

"Mheshimiwa, naomba nafasi."

"Wewe ni nani, mama?"

"Dereva wa mchana. Naomba iandikwe kwamba nimelalamika."

Watu walicheka, hadi walipoona mwenyekiti wao hacheki. Yeye alikuwa anaangalia meza. Mke akaketi.

Nje, chini ya ngazi za ukumbi, mume alimfuata akihema.

"Umeniaibisha mbele ya wenzangu."

"Nimesahihisha maelezo yako."

"Ungeniambia nyumbani."

"Nyumbani lini? Ukirudi mimi natoka. Nikirudi wewe umeshaondoka. Tunalalia kitanda kimoja kama wapangaji wawili."

"Kila siku nakuuliza kuna kitu."

"Unaliulizia gari."

Mwenyekiti akaketi kwenye ngazi.

"Kinachoniuma ni kwamba hukudanganya," mke aliendelea, bila kupandisha sauti. "Ulikuwa unaamini kabisa. Nisipotaja kitu, basi mimi ni mzima, kama breki. Mwaka baada ya mwaka. Tafuta msaidizi mwingine. Funguo nimeziacha kwa fundi matairi."

"Unaniacha?"

"Naacha zamu. Mengine sijaamua. Naenda kwa dada."

Alilala kwa dada yake mchana na usiku, hadi mwenyewe akashangaa kwamba mtu anaweza kuchoka hivyo. Simu ya mumewe haikuita. Uliingia ujumbe mmoja tu: "Breki nimetengeneza." Aliusoma, akaifunika simu.

Wiki hiyo haijaisha, fundi matairi akampigia simu.

"Shemeji, samahani kwa usumbufu. Huyu mtu wako anaendesha usiku na mchana."

"Hajapata msaidizi?"

"Wamekuja wanne, amewafukuza wote. Leo amesinzia kwenye taa za barabarani. Abiria ameshuka, ameondoka kwa miguu. Mimi nimemnyang'anya funguo."

"Umefanya vizuri. Usimpe."

"Ameshazichukua. Amesema anakwenda halmashauri, ofisi ya leseni."

Alipofungua tu mdomo kumuuliza zaidi, simu nyingine ikaingia. Ilikuwa ya mumewe.

"Njoo ofisi ya leseni. Na kitambulisho chako."

"Kuna nini?"

"Ukomo wa leseni umepitishwa leo asubuhi. Leseni mpya hakuna tena."

"Sasa unaniitia nini?"

"Ya zamani inaruhusiwa kuhamishiwa mtu mwingine. Njoo kabla hawajafunga dirisha."

Alikwenda, bila haraka. Mumewe alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbi wa ofisi, kichwa kimeegemea ukuta, na shati lile lile la siku ya kikao. Karani alikuwa anawasubiri. Mume alitia saini, mke akatia saini, na leseni ikawa na jina la mke. Mlangoni madereva wa kituoni walikuwa wamekusanyika, maana habari za namna hiyo hazina mguu mzito.

"Kwa hiyo uenyekiti basi," mmoja alisema. "Asiye na leseni haongozi."

"Najua."

"Sasa wewe tukuite nani?"

Mkewe alipita katikati yao. "Muiteni shemeji," alisema.

Walicheka. Hata mumewe alitabasamu, kidogo tu.

Walipofika kwenye gari alimpa funguo. Mke hakuzipokea mara moja.

"Unadhani leseni ndiyo niliyokuwa naililia?"

"Ndiyo."

"Ndiyo. Lakini si hiyo peke yake."

"Nimeelewa."

"Umeelewa, au unasinzia?"

"Vyote viwili."

"Basi sikiliza masharti ya mwenye leseni. Jua likizama, gari linalala. Mchana tunagawana."

"Tutakula nini?"

"Kidogo. Tutakula pamoja."

Mume alifikiri. Alipiga hesabu kichwani, ilionekana usoni mwake, na haikutoka vizuri. Mwishowe akasema, "Sawa."

Mke akaketi kwenye usukani, akasogeza kiti mbele. Mume alizunguka, akaingia upande wa pili, akawa anapapasa bila kuona mkanda.

"Hiki kiti sijawahi kukikalia," alisema.

"Mkanda uko juu ya bega lako."

Walikuwa hawajawahi kupanda gari hilo pamoja. Mmoja akiingia, mwingine alikuwa anashuka.

"Kuna kitu?" mume aliuliza, macho ameyafumba nusu.

"Kipo. Nina mengi."

"Niambie."

Alianza kumwambia. Kabla hawajamaliza barabara ya halmashauri, mume alikuwa amelala, kichwa kimeangukia kioo cha dirisha. Mke akaguna. Yatasubiri hadi kesho jioni. Kesho jioni wote watakuwepo.

Karibu na hospitali mtu mmoja alisimama ukingoni, akainua mkono kusimamisha teksi. Mke alizima taa ya juu ya paa, akampita polepole. Gari lilikuwa na abiria.