Darubini Iliyotazama Tangi

"Mama yangu na goti lake bovu amepanda ghorofa nne, halafu unamwonyesha tangi la maji!"

"Fundi wangu, taratibu. Programu imekosea."

"Usiisingizie programu. Hiyo inafanya ulichoiambia."

Wageni walioalikwa kutazama sayari walikuwa wameshashuka, wengine wakicheka waziwazi. Juu ya paa la chuo walibaki fundi na mpenzi wake Mwalimu, darubini, na kompyuta juu ya meza ya plastiki. Jua lilikuwa limezama nusu saa tu iliyopita. Sayari iliyoahidiwa iling'aa magharibi, kila mtu aliiona kwa macho yake, ila darubini ilinguruma, ikaipita, ikasimama ikiukodolea macho ubavu wa tangi jeusi. Mama ndiye aliyepewa heshima ya kuchungulia kwanza. "Giza tupu," akasema. "Mwanangu, hii sayari yako imefungwa leo?" Paa zima likaangua kicheko, na binti yake akatamani kujificha.

Jioni hii ilikuwa yake. Alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe na viatu virefu vinavyomuuma, na alimleta mama amwone Mwalimu kabla ya Jumamosi, siku ambayo watu wa Mwalimu wangekuja nyumbani kuzungumzia ndoa.

Walikuwa wamekutana miezi kumi nyuma. Yeye alikuwa fundi wa lenzi katika duka la miwani, na siku hiyo foleni ilifika mlangoni. Akatokea mwalimu wa fizikia, vifungo vya shati vimepishana, akaweka kwenye kaunta kioo cha darubini chenye mikwaruzo.

"Mgonjwa wangu huyu, haoni vizuri."

"Mgonjwa apange foleni kama wenzake."

Basi akapanga foleni! Saa moja na nusu nzima, kioo amekikumbatia kama mtoto mchanga. Mwanamume wa namna hiyo utamfukuzaje?

Sasa fundi akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemfundisha: kwanza iambie programu umesimama wapi, kisha tarehe na saa. Ukishafanya hivyo itakupangia kipi kinachomoza, kipi kinatua, na itaigeuza darubini yenyewe. Ukiidanganya mahali ulipo, itatazama pasipo na kitu. Akafungua sehemu ya mahali.

Haukuwa mji wao. Ilikuwa jangwani, kilomita elfu mbili kutoka pale, na pembeni Mwalimu alikuwa ameandika "Kazini".

"Kazini wapi? Kazi yako si hapa chini, mlango wa tatu kushoto?"

Fundi akafungua ratiba. Usiku baada ya usiku, miezi sita mizima, kila nyota na dakika yake, yote kutokea kule jangwani. Mwalimu alikuwa akiipanga alfajiri ile, akasahau kurudisha mahali pa zamani.

"Nimepata kazi," akasema mwishowe. "Kituo kikubwa cha darubini. Miaka mitatu."

"Lini?"

"Wiki sita zilizopita."

"Wiki sita! Wiki sita unaniita mpenzi, unaniuliza mapazia ya rangi gani!"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kukuambia."

"Wakati mzuri?" Akagonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Hapa umeitafutia kila nyota wakati wake mzuri, mpaka dakika. Mimi hukunitafutia hata robo saa."

Mwalimu akapiga magoti kando ya kiti, suruali nzuri na vumbi lote lile. "Siendi. Naandika sasa hivi, nakataa kazi."

Moyo wa fundi uliruka, tusidanganyane. Alimpenda mtu huyu. Lakini alimtazama usoni, akaona macho yake yamerudi kwenye ile ratiba, yakishuka mstari kwa mstari, kama mtu anayeaga.

"Ukibaki, utabaki kwa sababu umekamatwa. Utanilaumu maisha yako yote."

"Basi twende wote."

"Ndiyo unaniuliza sasa? Baada ya kuumbuka?"

"Nisubiri, basi."

"Ungeniuliza wiki sita zilizopita ningekusubiri. Leo sijui ninamsubiri nani."

Simu ya fundi ikaita. Mama, kutoka kwenye kibanda cha mlinzi.

"Mmeelewana, au nitie nanga? Huyu mlinzi ameshanisimulia mpaka ndoa yake ya kwanza."

"Mama, mpigie mjomba. Jumamosi hakuna wageni."

"Hakuna… Mjomba wako ameshaomba ruhusa kazini! Kijana amefanya nini?"

"Anahama, Mama. Alijua, mimi sikuambiwa."

Mama akashusha sauti, jambo lisilo la kawaida yake. "Umelia?"

"Bado."

"Basi shuka, utalia ukiwa na mimi. Nampigia sasa hivi."

Fundi akavua viatu, akavishika mkononi. Mwalimu alikuwa bado chini, magoti sakafuni.

"Nenda kazini kwako, Mwalimu. Utaiweza, hilo sina shaka. Mimi usinipigie."

Akashuka ngazi peku, haraka, bila kugeuka. Alipofika ghorofa ya pili alisikia sauti ya mama yake ikipanda kutoka uani, kubwa kama kawaida: "Kaka? Ni mimi. Ya Jumamosi iacheni. Hapana, hakuna aliyekufa. Iacheni tu."