Anayeoga Juu

Pampu ya nyumba ile ilikuwa na adabu zake. Ukifungua shawa kule bafuni juu, inawaka. Ukifunga, inazima na kunyamaza. Kwa hiyo mshonaji alipoisikia ikinguruma Jumatatu adhuhuri, huku binti yake Kasuku amelala sebuleni na mumewe yuko kazini mji mwingine, aliacha cherehani akapanda ngazi akiwa na kero tu, wala si hofu. Alidhani maji yameachwa wazi. Akakuta shawa imefungwa, sakafu kavu, ndoo kavu, na pampu bado inanguruma kule chini ya ngazi.

Jumanne ikawa vilevile, Jumatano vilevile, saa ileile ya jua la utosini. Kufikia Alhamisi haukuwa mngurumo tena. Pampu ilikuwa inaguna, kama mtu anayesuguliwa mgongo akaona raha. Maji ya tangi yalipungua bila kutumika, na bafuni kukaanza kunuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Hayo yote angeyavumilia. Kilichomnyima usingizi ni mtoto. Kasuku hakupewa jina lile bure: miaka sita, na mdomo haupumziki hata akiwa anatafuna. Wiki ile alinyamaza. Akiambiwa aende kuoga, anajibu kwa sauti ndogo, "Nimeshaoga." Na kweli nywele zimelowa, ila taulo lake kavu, na ncha za vidole zimejikunja kama za mtu aliyeshinda majini.

"Umeoga na nani, mwanangu?"

Mtoto akaangalia ngazi.

Ijumaa asubuhi mshonaji akaita fundi pampu. Watu walimwita Sikio, kwa sababu hupima mota kwa kusimamisha bisibisi ndefu juu yake na kuegemeza sikio kwenye mpini, na hapo hukwambia ugonjwa wake wote. Alianza na ya kawaida. Akatoa hewa kwenye mabomba, akabadilisha swichi ya presha, akafungua valvu ya kuzuia maji yasirudi na kuisafisha mchanga.

"Pampu haiwaki bure, mama," alisema. "Ikiwaka yenyewe, kuna mahali maji yanatoka. Ama bomba linavuja, ama kuna mtu anaoga." Akacheka peke yake. "Halafu yenyewe ndogo hii. Mkifungua maji jikoni, aliye juu si anabaki na povu machoni?"

"Ndiyo maana tuna utaratibu wetu. Anayetaka kuoga anaita toka juu, 'Naoga!' Aliye chini akijibu 'Oga,' basi hagusi bomba mpaka mwenzake amalize. Bila kujibiwa, huogi."

Sikio akasema nyumba yenye sheria kama bunge hajawahi kuiona. Alikuwa bado anacheka adhuhuri ilipoingia na pampu ikawaka. Akasimamisha bisibisi, akaweka sikio. Kicheko kikaisha. Akanyoosha mkono polepole, akachomoa plagi ukutani, na pampu ikaendelea kufanya kazi huku waya wake ameushika mkononi.

"Umesikia nini, fundi?"

"Kuna mtu anajisugua," akanong'ona. "Na anaimba." Aliweka waya chini kwa uangalifu mkubwa, kama unaweza kuamka. "Mama, mimi nimefika mwisho wangu. Ngoja nimwite anayejua mambo ya kuoga kuliko mimi."

Aliyeitwa alikuwa mama mwosha, mwanamke wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Alifika amekunja mikono ya gauni, akasikiliza pampu kidogo, wala hakushangaa. Akauliza swali moja tu.

"Nani alimruhusu?"

Mshonaji alitaka kusema hakuna. Kisha ikamjia. Ile Jumatatu, kabla pampu haijawaka, alikuwa ameinamia cherehani, pini mdomoni, gauni la watu linasubiriwa. Sauti ikaita kutoka juu, "Naoga!" Naye, bila kuinua kichwa, akajibu, "Oga." Wakati huo Kasuku alikuwa amelala kwenye kochi, hatua tatu kutoka kwake.

"Ulimi umeniponza," alisema, na machozi yakamtoka.

"Utalia baadaye, dada. Hawa hawaingii bila ruhusa, na hawatoki mpaka aliyeitoa aiondoe. Utapanda, usimtazame, umwambie mara tatu: umeshaoga, toka nyumbani kwangu. Atachukua sauti ya unayempenda, na atalia kama yeye. Ukimwonea huruma anabaki, na atakayeondoka ni mtoto wako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Kasuku akaachwa sebuleni pamoja na Sikio, fundi akaambiwa asimwachie mkono. Mama mwosha akampeleka mshonaji uani, akamwosha uso, mikono na miguu, taratibu, huku akisoma dua kwa midomo tu. Waliporudi ndani mtoto alikuwa amekaa kwenye kochi, ametulia, na Sikio kando yake. Mama mwosha akafungua mlango wa mbele wazi.

"Akishuka, wote tutazame ukuta. Asione jicho la mtu."

Mshonaji akapanda. Shawa ilikuwa inamwagika nyuma ya pazia. Akaligeuzia mgongo, akafumba macho.

"Umeshaoga. Toka nyumbani kwangu."

Maji yakapungua. "Mama?"

Alitegemea sauti nyingine, ya mumewe labda, au ya marehemu mama yake. Ilikuwa ya Kasuku, na si ya Kasuku wa wiki hii aliyenyamaza bali wa siku zote, mwenye kuchomekea maneno. "Mama, sabuni imeniingia machoni, nipe taulo."

"Umeshaoga," alisema, akishika fremu ya mlango, "toka nyumbani kwangu," na nyuma yake kilio kikaanza, kilio anachokijua tangu alipomzaa wodini, kile cha kukata pumzi katikati, na mkono mdogo uliolowa ukamshika gauni kwa nyuma, ukavuta, ukavuta tena, "mama mbona hunitazami, mama nimefanya nini," naye akawaza kwamba Kasuku yuko chini, amemwona kwa macho yake dakika hii, yuko chini na fundi, yuko chini, akaubandua ule mkono kidole kimoja kimoja na kupaza sauti mara ya tatu, "Umeshaoga! Toka nyumbani kwangu!"

Miguu midogo ikampita mbio, ikashuka ngazi ikiteleza, ikatoka nje. Pampu ikazima. Chini, mama mwosha akasukuma mlango na kutia komeo.

Mshonaji alishuka, akamchukua Kasuku kwenye kochi, akampakata, akambusu utosini. Alilia kwa furaha bila aibu. "Asante, fundi. Asante kwa kumshika."

Sikio hakuinua macho. "Mlipokuwa uani alisema ana kiu," alisema. "Alikwenda jikoni mara moja tu, mama. Nikamwona amerudi."

Mlango ukagongwa, chini kabisa, kwa kiganja kidogo.

"Mama." Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia. "Mama, si wewe mwenyewe uliniita nije kuoga? Mbona umenifukuza? Nje kuna watu, na mimi sina nguo."

Mama mwosha akaweka mkono mdomoni. Kazi ile alikuwa ameifanya miaka mingi, na sasa alionekana mwanamke aliyechoka tu.

Mtoto aliyepakatwa akaizungushia shingo ya mshonaji mikono yake miwili, akamlazia kichwa kifuani.

"Usimfungulie, mama," akasema.

Mshonaji akajaribu kuinuka. Akajaribu tena, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, huku mwanawe akigonga na kumwita. Mtoto aliye mapajani alikuwa mzito, na alizidi kuwa mzito.