Chebet Alijua

Ijumaa moja ya Machi 2014, foleni ya kuingia kwenye eneo la makanisa la Mesaimeer, Doha, ilikuwa ndefu. Wafilipino, Wahindi, Waganda na Wakenya walisogea polepole kuelekea mashine ya ukaguzi, jua likiwachoma visogo. Chebet alikuwa amevaa gauni la kitenge cha manjano na viatu vya kisigino alivyokwisha kuvijutia. Kisigino kimoja kikanasa kwenye wavu wa mtaro, akapepesuka, akamshika bega mtu wa mbele.

"Pole. Sikukusudia."

"Usiachilie," kijana akasema bila kugeuka. "Tangu nifike Doha hakuna aliyenishika bega."

Chebet akacheka. Kijana alipogeuka, Chebet aliona shati jeupe lililonyooka kwa pasi na uso mpole wenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Aliitwa Mwaura, mlinzi katika hoteli moja ya West Bay. Alipoitaja, Chebet alizidi kucheka.

"Basi tuna mwajiri mmoja. Mimi ni mhudumu wa karamu, hapohapo."

"Na sijawahi kukuona?"

"Nyinyi walinzi mnaangalia mabegi yetu tu."

"Kuanzia kesho nitaangalia uso. Nyumbani ni wapi?"

"Eldoret."

"Mama yangu yuko Nakuru," Mwaura akasema, kisha akauliza jambo lingine.

Walipendana haraka. Siku za mapumziko walipanda basi hadi Al Wakrah, wakatembea ufukweni viatu mkononi. Siku za kazi Mwaura alimpigia simu saa ya chakula.

"Mrembo, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nangoja unipikie."

"Basi utakonda, kipenzi."

Mwaura alimweleza kila kitu isipokuwa habari za baba yake. "Baba hayuko," alisema mara moja tu, na Chebet hakuuliza zaidi.

Novemba, hoteli iliandaa chakula cha jioni cha kuchangia makumbusho yatakayohifadhi ushahidi wa watu walionusurika mauaji ya halaiki. Wageni wa heshima walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Injinia Joram, Mkenya mzee aliyeishi Ghuba miaka mingi, akihakikisha kwamba wafanyakazi wanaofia ugenini wanarudishwa kwao kuzikwa. Wa pili alikuwa Bi Ilona, Myahudi wa miaka themanini, aliyetoka hai katika kambi za Wanazi akiwa msichana wa miaka kumi. Alivaa gauni jeusi lisilo na pambo lolote, akazungumza akiwa ameketi.

"Kaka yangu alichukuliwa mbele ya jirani yetu," alisema. "Vita vilipoisha nilimwendea jirani huyo, nikamwuliza walimpeleka wapi. Aliniuliza habari za afya yangu. Nilirudi kwake mara nne. Alikufa bila kunijibu, na mpaka leo sijui kaka yangu amelala wapi."

Chebet, sinia la sahani za supu mkononi, alitupa jicho mlangoni. Mwaura alisimama pale katika suti yake nyeusi ya ulinzi, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Mwaura alipotoka, Chebet alimfuata kwenye korido ya jikoni.

"Mpenzi, ni nini?"

"Baba," Mwaura akasema. "Walimtoa nyumbani Januari 2008, katika ghasia za kikabila za baada ya uchaguzi. Hatukumpata. Mama mpaka leo hajamwita marehemu."

"Huko Nakuru?"

"Nakuru ndiko iliko kambi tuliyokimbilia. Kwetu kulikuwa Kapsirwa, karibu na Eldoret. Alikuwa fundi nguo, Mzee Ndirangu."

Sinia likamponyoka Chebet. Kapsirwa kulikuwa kwao; fundi alimjua, lakini wanawe walisoma mbali, hakuwahi kuwaona. Mwaka ule alikuwa na miaka kumi na minane. Shule yake ya bweni ilipofungwa kwa ghasia zile, alirudi nyumbani akakuta nyumba ya fundi imekuwa majivu, na cherehani yake ikiwa sebuleni kwao. Kaka yake Laban alisema ameinunua. Chebet hakumwamini, wala hakuuliza. Alishonea cherehani hiyo miaka miwili.

"Naitwa ndani," akasema, akaondoka.

Kwa siku tisa hakupokea simu za Mwaura. Ujumbe wa kwanza uliuliza kama ni mgonjwa. Wa mwisho ulisema: *Kama ni kabila langu, niambie. Nimezoea.*

Aliusoma mara nyingi, kisha akampigia Laban.

"Mzee Ndirangu mlimweka wapi?"

"Nani anauliza?"

"Mimi."

"Hayo yaliisha, Chebet. Watu walisameheana."

"Nani alimsamehe nani? Mkewe yuko Nakuru, hana kaburi."

"Ukilitaja jina langu, usirudi hapa. Hata mama akifa, usije."

"Nimesikia. Mlimweka wapi?"

Alimsikia akifunga mlango. "Nyuma ya kinu cha kusagia posho. Shimo la choo cha zamani. Tulilijaza mawe."

"Alikuwa amekufa?"

Laban akakata simu.

Alasiri ile Chebet alimwita Mwaura nje ya makazi ya wafanyakazi, Al Thumama. Alimwambia yote akiwa amesimama, bila kulia, kwa sababu aliona kilio si haki yake.

"Ulijua tangu lini?"

"Habari ya cherehani, tangu mwanzo. Pale alipo nimejua leo."

"Ulishonea cherehani yake."

"Ndiyo."

Mwaura aliketi ukingoni mwa barabara. Chebet aliponyoosha mkono, akasema taratibu, "Usinishike." Baadaye akainuka, akaenda zake.

Mwaura aliomba kwenda kumtafuta baba yake, lakini msimamizi wake alikataa kumpa ruhusa ya kutoka nchini. Chebet akamwendea Injinia Joram, naye akaenda mwenyewe ofisini, akakaa kwenye kiti cha wageni tangu asubuhi hadi karatasi iliposainiwa. Chebet alimpa Joram bahasha ampelekee Mwaura. Ndani yake kulikuwa na maelezo yake, jina la kaka yake, jina lake kamili na sahihi. Mwaura alisafiri bila kumuaga Chebet.

Wiki hiyohiyo simu ya mama yake Chebet ikaacha kupokelewa.

Januari, adhuhuri, Chebet alikuwa akikunja vitambaa vya meza katika chumba cha kufulia simu ilipolia.

"Chebet."

"Mwaura."

"Tumempata. Mama alimtambua kwa koti. Vifungo vyake alivishona mama mwenyewe. Tulimzika Jumamosi."

Chebet aliketi juu ya vitambaa. "Poleni. Na Laban?"

"Yuko ndani, polisi walimkamata. Amewataja wenzake."

Chebet akakunja kitambaa kimoja.

"Utarudi Doha?"

"Hapana. Mama hawezi kuachwa peke yake." Akakohoa. "Wiki zote hizo nilikuchukia. Sitakudanganya."

"Najua."

"Siku nyingine bado. Halafu inafika saa ya chakula, najikuta nimeshika simu."

Chebet aliziba mdomo kwa kiganja.

"Mkataba wako unaisha lini?"

"Agosti."

"Nilimwambia mama jina lako, na ukoo wako, na kwamba nataka uje nyumbani. Akatoka nje akakaa mpaka chakula kikapoa. Aliporudi akauliza kama utakuja na watu wenu."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba huna tena mtu wa kuja naye."

Mashine za kufulia zilinguruma ukutani.

"Mwambie nitakuja peke yangu."