Mgomba Tuliouzika Badala ya Sajenti Wekesa

Nina umri wa miaka thelathini na tisa. Nauza viatu vya mitumba katika soko la Kitale, na wanaonijua huniita Mama Nanjala. Kwa miaka sita, wenzangu, sikujua nijiite mke wa mtu au mjane. Mtu akiniuliza mume wangu yuko wapi, nilijibu tu, "Yuko kazini." Nilisema hivyo bila aibu, maana niliamini...

Mume wangu Wekesa alikuwa mwanajeshi. Aliingia jeshini hata ndevu hajaota, akapanda hadi akawa sajenti, na kazi nyingine hakuitaka. Akija likizo alipiga pasi kila kitu nyumbani, hadi taulo! Nikimcheka, ananijibu, "Apana, bana. Siwezi panguza uso na kitu imejikunja." Mwanamume yule! Nilimpenda, na sioni haya kuandika hivyo.

Kisha kikosi chake kikapelekwa vitani Somalia.

Maafisa wawili walipokuja kwa mama mkwe wangu, karibu na Kibabii kule Bungoma, mimi nilikuwa pale nikipalilia maharagwe. Walisema msafara wa akina Wekesa ulilipuliwa kwa bomu njiani, kisha wakavamiwa. Wekesa ameuawa. Mwili haukupatikana. Walivua kofia, wakaketi nasi, wakasema kwa heshima zote. Mama aliwauliza swali moja tu: "Sasa mumeniletea nini?"

Walivaa kofia zao, wakaondoka.

Kwetu Wabukusu, mtu akifia mbali na mwili wake ukakosekana, hukatwa mgomba, ukalazwa ndani ya jeneza na kuzikwa mahali pake. Hapo ndipo watu huanza kulia sawasawa, mjane akanyolewa, na jina la marehemu likaweza kupewa mtoto. Bila hivyo mtu huyo hajafa, na wala hayupo. Wazee wa ukoo walikuwa wameshachagua mgomba... ndipo akaja Barasa.

Barasa ni mtu wa kule Kwanza, upande wa Kitale, rafiki ya Wekesa tangu walipokuwa makurutu. Siku ya shambulio walikuwa gari moja. Alifika akitembelea fimbo, mguu mmoja umeharibika. Mama alimkamata ukosi wa shati pale pale langoni. "Mwanangu ako wapi?" Barasa akatazama chini, akasema Wekesa alitekwa akiwa mzima. Ati amemwona kwa macho yake akipandishwa gari la maadui.

Nyinyi mnaosoma, mngemwamini nani? Maafisa ambao hawakuwepo, au mtu aliyekuwa kando yake?

Wazee walipotaja mgomba tena, Mama aliwafukuza. "Mimi nilizaa mtu!" alifoka. "Sikuzaa ndizi!"

Basi tukaanza kungoja. Kila Krismasi Barasa alikuja kutuona, na kila alipokuja alikuwa na habari. Mara ati mateka wamehamishwa, mara kuna mtu amewaona. Mwaka mmoja alisema Wekesa amefuga ndevu. Mama alicheka hadi akashika mbavu! Alikuwa hajacheka kwa muda mrefu, nami nilimshukuru Barasa kwa kicheko kile. Nilimchinjia kuku. Kuku wangu mwenyewe!

Kila Desemba Mama aliikandika upya nyumba ya mwanawe, mgongo unamuuma, asiipate imepasuka akirudi. Mimi nami, mwalimu mmoja wa Kachibora aliyefiwa na mkewe alinitaka kwa heshima. Nilimwambia nina mume. Alinitazama kwa huruma akaenda zake, na hata viatu alivyokuja kununua hakununua.

Nanjala wangu alikuwa anakua huku akisikia hayo yote. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Siku moja mchana, Barasa akiwa ameketi kwenye kibanda changu anakunywa soda, msichana akaja anahema kwa furaha.

"Anko, mimi naingia jeshi," akamwambia. "Wanachukua makurutu hapa Kitale mwezi ujao. Nataka nipelekwe huko huko, nimtafute baba. Si wewe unajua pale walimpeleka? Utanionyesha."

Barasa aliweka soda chini. Akasimama, akaketi tena. Halafu, mbele ya wateja, mtu mzima yule akaanza kulia kwa sauti.

"Usiende," alisema. "Usiende, mtoto wangu. Hayuko. Hakuna mtu huko wa kutafuta."

Akatueleza yote. Gari lilipolipuka, yeye alivunjika mguu. Wekesa alimbeba mgongoni huku risasi zinapita, akamficha nyuma ya kichuguu. Angeweza kubaki pale naye akapona! Lakini ndani ya gari kulikuwa na kijana mwingine anaita. Wekesa akarudi kumchukua. Gari likalipuka mara ya pili, moto ukawateketeza wote wawili... Barasa aliona.

Kwa nini basi? Kwa nini, miaka yote hiyo? Alisema alikuja Kibabii kusema kweli, lakini Mama alipomshika shati alishindwa kumwambia kwamba mwanawe amekufa na yeye ndiye aliyebaki. Uongo ukamtoka. Baadaye akatuona tunatabasamu, akaogopa kuurudisha.

Nilimrushia kiatu. Kisha kingine! Soko zima lilisimama kunitazama, nami sikujali. Mume wangu alikuwa amekufa kishujaa, na sisi tulikuwa tukichekea ndevu zake!

Barasa alinisihi nisimwambie Mama, ati ni mzee, moyo wake utakatika. Nilimjibu kwamba mimi sitamwambia. Atamwambia yeye.

Kesho yake nilimpeleka Kibabii. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Mama akayasema yote, bila kuficha. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya maji nikidhani Mama ataanguka. Hakuanguka. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Siku hiyo alikuwa amekula?"

"Ndiyo, Mama. Tulikunywa chai na mkate."

"Na huyo kijana alikuwa anaita... alijua kuna mtu amekuja kumuchukua?"

"Alijua, Mama. Walishikana mikono."

Hapo ndipo alipolia. Jamani, kilio kile! Miaka sita ilitoka kwa mara moja, nami nikalia naye, tukashikana chini kwenye vumbi.

Wazee waliitwa. Walipokata mgomba, Mama aliutazama akatikisa kichwa. "Huyu ni mufupi. Wekesa alikuwa murefu. Kateni ingine." Walikata mwingine. Aliupangusa kwa kitambaa chenye maji kama anayeosha mtoto, nami nikauvika shati la Wekesa, nililokuwa nimelipiga pasi hadi ukosi. Wazee wakaushika ili waupeleke kwenye jeneza. Mama akawazuia kwa mkono, akamwelekea Barasa.

"Alikubeba," alimwambia. "Sasa na wewe umubebe."

Akaubeba. Mgomba ni mzito, wenzangu, na mguu wake mnaujua. Alitembea uwanja mzima akiyumba, na hakuna aliyemsaidia, maana Mama alikataa. Alipoulaza, akageukia watu wote akawaeleza jinsi Sajenti Wekesa alivyokufa. Akapiga saluti huku machozi yanamtiririka.

Nilinyolewa siku hiyo hiyo. Sasa mimi ni mjane, na nikiulizwa nasema hivyo. Nanjala hakwenda uwanjani kwa makurutu. Barasa sijamsamehe bado. Najaribu, lakini nikikumbuka vile vicheko nashindwa.

Ndugu zangu, nawaomba mimi niliyeumia. Kama unajua mtu wa watu alifia wapi na alikufaje, usiende kwao na hadithi tamu. Usijiambie unawahurumia. Huruma hiyo ilimnyima shujaa machozi yake, na nusura ininyang'anye binti yangu. Piga hodi, keti chini, useme. Watapiga mayowe, watakushika shati, pengine watakurushia viatu.

Waache walie!