Hodi Chini ya Sakafu

Rafiki yangu Talib husimulia kisa hiki akiinamisha uso. Kazi yake ilikuwa kusukuma maji machafu ya hoteli kwa pampu, chini kabisa kwenye nyufa za mwamba, huko Jambiani. Nyumba ya shangazi yake, Bi Amne, jirani na hoteli, ikaanza kutetemeka, sakafu ikapasuka. Talib alijua sababu ni ile pampu, lakini akamwambia, "Nyumba kuukuu hii, shangazi."

Baada ya wiki aibu ikamzidi. Akazima pampu, akaenda kumtaka radhi. Kabla hajamaliza kumwamkia, chini ya sakafu pakagongwa mara tatu, pakanyamaza, pakagongwa tena, taratibu, kama mtu apigaye hodi.

"Usishtuke," Bi Amne alisema, akitazama giza la ufa. "Tokea juzi nnamwitikia 'karibu'. Juzi alikuwa mbali."